Kabla ya sauti ya King: nani aliongoza mgomo wa mabasi wa Montgomery?

Wanafunzi wanaotembelea maonyesho yetu ya historia huuliza swali moja tena na tena: mbona Wamarekani weusi wa leo hawana kiongozi kama Martin Luther King? Kila mara mimi huwarudisha Montgomery, jimbo la Alabama, mwishoni mwa mwaka 1955, wakati jina la King lilikuwa halijavuka mipaka ya mji huo.

Basi la Montgomery lilikuwa na viti 36. Kumi vya mbele vilikuwa vya wazungu, hata kama hakuna mzungu aliyepanda. Kumi vya nyuma vilikuwa vya weusi. Vile 16 vya katikati aliviamua dereva, na wazungu wakizidi, mweusi huinuka. Kwangu mimi, kinachouma kuliko viti ni mlango. Mara nyingi abiria mweusi alilipa nauli mbele, akaamriwa ashuke akapandie mlango wa nyuma, na wako madereva walioondoa gari kabla hajaufikia. Na wengi wa abiria waliokuwa wakiiweka kampuni hiyo hai walikuwa weusi.

Tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks alikataa kuinuka, akakamatwa. Husimuliwa kama mshonaji aliyechoshwa na kazi za siku. Ni kweli alikuwa mshonaji. Lakini alikuwa pia katibu wa tawi la NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi, na kiangazi cha mwaka ule ule alikuwa amehudhuria mafunzo ya wanaharakati katika shule ya Highlander, jimbo la Tennessee. Mwenyewe alikuja kueleza kwamba uchovu wake haukuwa wa mwili. Alichoka kukubali kuonewa. Miezi tisa kabla yake msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa ameshakamatwa kwa kosa lile lile.

Habari za Parks zilimfikia Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo cha Alabama State na kiongozi wa Baraza la Kisiasa la Wanawake. Robinson alikuwa amemwandikia meya tangu Mei 1954, akimwonya kwamba weusi wanafikiria kuyasusia mabasi. Usiku ule hakulala. Pamoja na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili alijifungia chuoni penye mashine ya kurudufia, wakatoa maelfu kwa maelfu ya vipeperushi vilivyowaomba watu wasipande basi Jumatatu. Kulipokucha wakavisambaza mji mzima, mkono kwa mkono.

Jumatatu hiyo, tarehe 5 Desemba, mabasi yalipita karibu matupu. Alasiri ndipo viongozi walipokutana kuunda chama cha kuendesha mgomo na kumchagua mwenyekiti. Walimchagua mchungaji wa miaka 26, mgeni mjini, ambaye hakuwa amepata muda wa kujijengea maadui. Huyo ndiye King.

Simpunguzii King hata chembe. Nyumba yake ilipolipuliwa kwa bomu Januari 1956, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani, alisimama kibarazani akautuliza umati uliokuja na silaha. Aliweza kuieleza nchi nzima maana ya kile kilichokuwa kikitendeka Montgomery, na kazi hiyo wachache wangeiweza. Ila alipopanda mimbarani, watu walikuwa tayari wanatembea kwa miguu.

Na walitembea siku 381. Watu wakifikishwa kazini kila siku kwa muda wote huo, yupo anayepanga. Mamia ya magari binafsi yaligawiwa vituo na saa za kuchukua watu, mbinu iliyojifunzwa kutoka kwa wenzao wa mji wa Baton Rouge, Louisiana, waliosusia mabasi mwaka 1953. Petroli ilihitaji pesa, na pesa nyingine zilitoka jikoni. Georgia Gilmore, mpishi na mkunga, aliwakusanya wanawake wakawa wanapika kuku, keki na mikate ya matunda na kuuza mjini, hata kwa wazungu. Kikundi chao wakakiita Klabu Isiyotoka Popote, ili anayeulizwa pesa zimetoka wapi aweze kujibu: hazikutoka popote. Wengi wao walikuwa watumishi wa majumbani. Jina likijulikana, kazi imekwenda. Gilmore mwenyewe alitoa ushahidi wa kumtetea King aliposhtakiwa kwa sababu ya mgomo, na akapoteza kazi yake. Akaanza kupika nyumbani kwake, na King akawa mmoja wa wateja wake. Wasomaji wanaojua harambee wataelewa upesi kwa nini namweka Gilmore kwenye orodha ya viongozi.

Jambo jingine husahaulika. Mwanzoni wagomaji hawakudai hata ubaguzi ukomeshwe. Walidai lugha ya heshima, madereva weusi kwenye njia za weusi, na anayewahi akae. Mji ulipokataa hata hayo, wakili kijana Fred Gray alifungua kesi kwa niaba ya wanawake, Colvin akiwa mmojawapo. Kesi hiyo ndiyo iliyoufuta ubaguzi ndani ya mabasi, Mahakama ya Juu ilipoithibitisha hukumu Novemba 1956.

Ndiyo maana husita nisikiapo wito wa mazungumzo ya kitaifa kuhusu rangi. Marekani imeyafanya mara nyingi. Mwanzoni mwa mwaka 1968 tume ya Rais Lyndon Johnson, chini ya gavana Otto Kerner, ilionya kwamba nchi inaelekea kuwa jamii mbili, ya weusi na ya weupe, zilizotengana na zisizo sawa. Ripoti yake iliuzwa kama chapati za moto. Mapendekezo yake makubwa kuhusu ajira na makazi yakawekwa kando. Mwaka 1997 Rais Bill Clinton naye aliunda bodi ya ushauri chini ya mwanahistoria John Hope Franklin, watu wakaongea, wakarudi makwao. Linganisha na mwaka 1963: watoto wa Birmingham, Alabama, walioandamana kupinga ubaguzi walijaza magereza, mbwa na mabomba ya maji vikaonekana kwenye televisheni, na tarehe 11 Juni Rais John Kennedy akalihutubia taifa akiliita suala hilo la kimaadili. Sheria ya Haki za Kiraia ilitiwa saini tarehe 2 Julai 1964. Maneno yalizaa sheria kwa sababu kunyamaza kulikuwa kumeshakuwa na gharama, kama ilivyokuwa kwa kampuni ya mabasi iliyokosa nauli.

Ella Baker, aliyewasaidia wanafunzi kuunda SNCC, kamati yao ya kupinga ubaguzi bila vurugu, mwaka 1960, aliamini watu wenye nguvu hawahitaji kiongozi mwenye nguvu. Desemba 1963 Oginga Odinga alipopita Atlanta, vijana hao wa SNCC walikwenda kumwona hotelini kwake. Walipotoka waliingia mgahawa wa jirani, wakanyimwa huduma, na waliokaa wakakamatwa. Hakuna aliyekuwa amewatuma.

Georgia Gilmore alifariki Machi 1990, wakati wa kuadhimisha miaka 25 ya maandamano ya Selma, Alabama, ya kudai haki ya kupiga kura. Siku hiyo alikuwa ameamka mapema kuwapikia waandamanaji kuku na makaroni. Familia yake iliwapa waombolezaji chakula hicho hicho.