Je, Wajua Kwa Nini Fortran Huigeuza 1.9 Kuwa 1?

Maji ya Kilindini hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kimo kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Tuseme mwanafunzi wa Mombasa anapima kimo hicho kuanzia usawa wa wastani wa bahari, kisha programu yake ya Fortran, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, inahifadhi vipimo kama nambari kamili za mita. Kipimo cha 1.9 kitaandikwa 1, na cha −1.9 kitaandikwa −1, ingawa 2 na −2 ndizo zilizo karibu zaidi.

Fortran inapotia nambari halisi, yaani yenye desimali, ndani ya kigeu (mahali pa kuhifadhia thamani) cha nambari kamili haikadirii, bali hukata desimali, na amri ya INT hufanya vivyo hivyo. Desturi hii ni ya tangu 1957, kundi lililoongozwa na John Backus lilipoitoa lugha hiyo kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704. Mashine hiyo ilihifadhi alama ya chanya au hasi kando na ukubwa wa nambari, kwa hivyo kuidondosha sehemu ya desimali kuliisogeza nambari kuelekea sifuri kutoka upande wowote.

Athari yake kwa vipimo vya bahari ni kubwa. Kila nambari kamili hupokea vipimo vya upana wa mita 1, isipokuwa sifuri, ambayo humeza vyote vilivyo kati ya −1 na 1. Siku za maji mafu, bahari isipopanda wala kushuka mita nzima kutoka wastani, rekodi ya kutwa itakuwa sifuri tupu, kana kwamba maji yalisimama, na takwimu kama hizo ni za hatari kwa sababu zinaonekana safi.

Anayetaka nambari iliyo karibu atumie amri ya NINT, iliyomo tangu toleo la FORTRAN 77. Nusu kamili huisogeza mbali na sifuri: 2.5 huwa 3, na −2.5 huwa −3, ilhali round() ya lugha ya Python 3 huipeleka 2.5 kwenye 2, shufwa iliyo karibu. Kwa kugawa vipimo katika madaraja, napendekeza FLOOR, iliyoongezwa katika Fortran 90 pamoja na CEILING, kwani hushuka daima, −1.9 ikawa −2, na madaraja yote hubaki na upana sawa.

Hata nambari chanya zahitaji uangalifu. Kompyuta haiwezi kuiandika 4.35 kikamilifu kwa 0 na 1, hivyo ikizidishwa kwa 100 katika usahihi maradufu (nambari zinazohifadhiwa kwa tarakimu nyingi zaidi) hutoa 434.99999999999994, INT huikata ikawa 434, na NINT hutoa 435.