Gari la zamani hufia kwenye foleni

Mwezi wa Juni ukielekea mwisho, gerejini kwangu hapa Lubumbashi huanza kuingia magari ambayo mwaka mzima yamelala chini ya turubai. Wenyewe wanataka kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kuyaonyesha upande wa Zambia, ambako Jumatatu na Jumanne ya mwanzo wa Julai watu wako mapumziko kwa sikukuu ya Mashujaa na ya Umoja. Kila mmoja huuliza: "Fundi, itafika?"

Itafika. Lami, asubuhi ya baridi ya kiangazi chetu, mwendo wa kilomita 80 kwa saa: Peugeot 404 iliyotunzwa haioni tabu hapo. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1963, likarudia 1966, 1967 na 1968. Mimi naogopa pale linaposimama. Kasumbalesa ina malori ya shaba yaliyopangana hadi hujui mwisho wake. Ukishapita hapo, kuna geti la maonyesho yenyewe, ambapo kila mtu amefika saa ileile na magari yanasogea hatua moja moja, injini zikinguruma.

Angalia feni ya 404. Haizunguki muda wote kama za wenzake wa zamani. Ina sumaku ya umeme: injini ikipata joto sumaku inaishika feni izunguke, ikipoa inaiachia. Waya wa kihisi ukikatika, barabarani hutajua, maana upepo wa mwendo unatosha kupoza rejeta. Utajua kwenye foleni. Na sisi tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 tu. Ndiyo maana mpira wa mfuniko wa rejeta naukagua kwa kucha: ukishakauka, mgandamizo unatoroka na maji yanachemka mapema. Kwa safari hii naifunga feni ibaki imeshika moja kwa moja. Italia kelele na kula petroli kidogo. Iache ilie.

Joto hilohilo linapanda kwenye pampu ya petroli, iliyofungwa ubavuni mwa injini. Petroli inageuka mvuke ndani ya bomba, na pampu iliyotengenezwa kusukuma kimiminika haiwezi kusukuma mvuke. Injini inakohoa, inazima. Watu hukimbilia kubadilisha plagi. Weka kitambaa chenye maji juu ya pampu, fungua boneti, subiri. Kabureta usiiguse: mji wa Ndola, huko Zambia, uko karibu mwinuko sawa na wetu, iliyorekebishwa hapa inafaa na kule.

Magari yenye dainamo, mashine ya zamani ya kuchaji betri, yana ugonjwa mwingine. Injini ikienda polepole, dainamo haitoi kitu cha maana, betri ndiyo inayobeba kila kitu. Zima redio, zima taa. Wenye Coccinelle, ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, ninyi mkanda mmoja unazungusha dainamo na feni ya kupoza injini; taa nyekundu ya chaji ikiwaka, simama papo hapo, usiseme "nitafika kwanza".

Kitu kimoja hakihusu foleni, lakini sinyamazi. Difu ya 404, yaani gia za ekseli ya nyuma, haifanani na nyingine: parafujo la chuma linazungusha gurudumu la bronzi. Oili za kisasa zenye salfa, zile za GL-5 ambazo kila duka litakuuzia kwa tabasamu, zinaweza kuila bronzi. Kiwanda kilitaka oili yenye asili ya mbarika. Mzee mmoja aliniletea difu iliyojaa unga wa dhahabu. Alidhani ni uchafu. Katika mji wa shaba, kumbe gurudumu ndilo lilikuwa linasagika.

Karatasi ni jambo fupi: namba ya chasisi ifanane na ya kadi ya gari, na chukueni bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ile ya magari yanayovuka mipaka, kabla ya kufika mpakani.

Halafu, Zambia wanaendesha kushoto na usukani wetu uko kushoto. Nyuma ya lori huoni chochote cha mbele hadi nusu ya gari iwe imeshaingia upande wa wanaokuja. Mke au kaka atakayekaa kulia asipande kama mgeni: yeye ndiye atakayesema "toka" au "ngoja". Kubalianeni maneno hayo mkiwa bado upande huu.