Fort Jesus haikujengwa kuwa gereza

Wageni wengi wanaoitembelea Fort Jesus, Mombasa, hutoka wakiamini kwamba Wareno waliijenga ili kufungia watumwa. Sivyo. Ujenzi ulianza 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na ilikusudiwa kulinda bandari kwa mizinga, ndiyo maana pembe zake zimechomoza nje ili adui anayesogea ukutani apigwe kutoka ubavuni.

Gereza ni la Waingereza, nalo lilidumu kuanzia 1895 hadi 1958, muda mfupi kwa jengo lenye zaidi ya karne nne. Hata hivyo ndilo lililoganda vinywani, labda kwa sababu wazee walioliona likiwa na wafungwa walilisimulia nyumbani. Wafungwa walipoondolewa, Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno uligharimia ukarabati, mwanaakiolojia James Kirkman akachimbua ua, na makumbusho yakafunguliwa 1960.

Humo ndani zimehifadhiwa lipu zenye michoro ya meli, iliyochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu. Mtu huidhania kazi ya wafungwa, kumbe ni ya askari wa Kireno waliokuwa zamu.