Kwa nini sipro haitibu tena kisonono

Msimu wa korosho unapochanganya na fedha za mnada kuanza kuingia mikononi, sisi wafamasia wa Mtwara tunamfahamu mteja mmoja: kijana anayesubiri duka lipungue watu, kisha anainama dirishani na kuomba "sipro tano", yaani vidonge vitano vya antibayotiki ya siprofloksasini, bila kutaja anaumwa nini. Ukimuuliza, atasema ana yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo. Ukiendelea kumhoji kwa upole, "Mwanangu, unatokwa usaha?", atatazama pembeni na kukubali. Kwa dalili hizo, cha kushuku kwanza ni kisonono, na vidonge vitano vilivyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake havitamtosha, wala kumi visingemtosha.

Watu wengi wamefundishwa kwamba usugu, yaani vimelea kutouawa tena na dawa, hutokana na kutomaliza dozi. Hiyo ni sehemu tu ya habari. Kimelea cha kisonono kimekwisha kuzishinda dawa nyingi zilizotolewa kwa dozi kamili: salfa za miaka ya 1930 zilikuwa zimeanza kushindwa katika muongo uliofuata, penisilini ikadumu kwa kuongezewa kipimo mwaka hadi mwaka, mpaka 1976 vilipobainika vimelea vyenye kimeng'enya kinachoivunjavunja, tetrasaiklini nayo ikafuata. Siprofloksasini, ambayo wakati fulani kidonge kimoja kilitosha, Marekani iliacha kuipendekeza kwa kisonono mwaka 2007. Tegemeo kubwa lililobaki ni sindano ya seftriaksoni, na hata hiyo tayari imeripotiwa kushindwa katika baadhi ya nchi.

Linganisha na kaswende, ambayo penisilini inaitibu tangu 1943 hadi leo.

Tofauti ni kwamba kimelea cha kisonono ni hodari wa kuokota vinasaba vya wengine. Kooni mwetu wanaishi ndugu zake wasio na madhara, na kila tunapomeza antibayotiki kwa mafua au kikohozi ambacho hakikuihitaji, ndugu hao hujifunza kuihimili. Kisonono kikifika kooni kwa njia ya ngono ya mdomo, hukaa humo mara nyingi bila dalili yoyote, na hapo huchukua kutoka kwao vinasaba vya usugu. Kwa hiyo asithromaisini unayonunua kwa ajili ya kikohozi inahusika na kisonono cha mtu usiyemjua, jambo ambalo, nikiri, ni gumu kulieleza dirishani huku foleni ikinisikiliza.

Sipro ikipunguza usaha kwa siku chache, mgonjwa huamini amepona na kurudi kwa mwenza wake. Wanawake wengi wenye kisonono hawaoni dalili yoyote, ingawa ugonjwa unaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiziba. Ndiyo maana kituo cha afya humpa mgonjwa sindano pamoja na vidonge vya klamidia, kwa kuwa magonjwa haya mawili huandamana, na humtaka amlete mwenza watibiwe wote.

Usaha ukiendelea wiki moja baada ya sindano, rudi palepale ulipotibiwa, usinunue dawa nyingine njiani. Omba sampuli ioteshwe maabara, na kama kituo hakina uwezo huo, omba rufaa, kwa sababu kimelea hiki hufa upesi kikiwa nje ya mwili na sampuli iliyocheleweshwa haioti kitu.