Krismasi na wanyama wa nyumbani: tunaogopa ua, tunaacha uzi

Kila Disemba ikifika lazima kuna mtu kwenye grupu la familia atasema tung'oe yale maua mekundu ya getini kabla mbwa hajayala akafa. Unayajua, yale mwaka mzima ni majani ya kijani tu halafu mwisho wa mwaka yanawaka, poinsetia. Mwaka jana mjomba alikuja na panga kabisa. Mi nilishindwa hata kubishana naye maana nilikuwa bize sebuleni namtoa paka kwenye mti wa Krismasi, ana uzi wa dhahabu mdomoni, na hakuna hata mmoja aliyeona hiyo ni shida, wote wanacheka tu na kupiga picha.

Sasa tuanze na hilo ua. Wanasema ni sumu kali, jani moja tu kwisha habari. Siyo kweli. Utomvu wake mweupe unawasha, mnyama akitafuna anatoa udenda, anaweza akatapika kidogo, basi. Hiyo stori ya kuua ilianzia Hawaii mwaka 1919, ikasemwa mtoto wa afisa wa jeshi kafa kwa kula jani, haikuwahi kuthibitishwa lakini miaka mia na zaidi bado inatembea. Halafu cha ajabu, poinsetia ni ndugu na mnyaa, na utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ndio balaa lenyewe, ila nani umemsikia anakata fensi ya minyaa kwa ajili ya mbwa?

Ua la kuogopa kama una paka ni lili. Yale makubwa yanayonukia, yana unga wa njano au wa kahawia katikati, watu wanaletewa kwenye shada wanaweka mezani. Paka akila kipande cha jani, au akijilamba tu ule unga uliomdondokea mgongoni, au akanywa maji ya kwenye chombo cha maua, figo zinaweza kufa ndani ya siku moja mpaka tatu. Mbwa yeye anaishia kuumwa tumbo, ni paka ndiye anayeuawa. Na siyo kila kinachoitwa lili ni hicho, ile ya kwenye chungu yenye ua jeupe moja kama kijiko inauma mdomo tu. Mi mwenyewe sina muda wa kuchambua ipi ni ipi, lili yoyote ikiletwa kwangu inaenda kwa jirani asiye na paka.

Haya, uzi. "Kameza kauzi tu, atakunya." Hapa ndipo watu wanapopoteza wanyama. Zile nyuzi za kung'aa hazina sumu yoyote na ndiyo maana tunazidharau, lakini ncha moja inaweza kunasa chini ya ulimi au pale tumbo linapoishia na utumbo kuanza, huku utumbo unaendelea kusukuma, basi unajikunja kunjakunja kama suruali ya kamba ukivuta kiunoni, na ule uzi ukikaza unakata utumbo kama msumeno. Paka anatapika, anaacha kula, anajificha chini ya kitanda. Ukiona uzi unaning'inia nyuma USIVUTE, tafadhali, ukivuta unamalizia kazi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na mara nyingi hapo ni kupasuliwa. Utepe wa zawadi ni hivyo hivyo, na nyuzi za mabaluni pia, kwa hiyo hata wa Idi na wa birthdei mnisikilize.

Taa. Wanasema za siku hizi ni LED, hazichomi, ziko salama. Hazichomi kweli, ila mbwa mdogo hatafuni taa, anatafuna waya, na waya umechomekwa kwenye ekstensheni yenye volti 230. Akipigwa shoti, zima swichi ukutani kwanza ndipo umguse. Na akiinuka akatembea usiseme kapona, maji yanaweza kujaa kwenye mapafu masaa kadhaa baadaye, nenda tu.

Kwa Wachagga tunaopanda Moshi Krismasi "kuhesabiwa" nyumbani, isale, lile jani letu la heshima, nalo ni jamii ya drasena, paka au mbwa akilitafuna anatapika na kutoa udenda, paka hata mboni zinaweza kutanuka. Heshima ya isale iko palepale, weka tu juu.

Halafu ile ya "mbwa wa kwetu wamezoea, wanakula kila kitu". Unaowaona wanakula kila kitu ni waliobaki hai, waliokufa huwaoni barabarani. Pilau la sikukuu lina vitunguu vya kutosha, na kitunguu kikipikwa hakiachi kuharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, tena dalili zinakuja siku kadhaa baadaye wakati hakuna anayekumbuka pilau. Zabibu kavu za kwenye keki zinaharibu figo za mbwa. Chokoleti nyeusi ni mbaya kuliko ya maziwa. Mfupa wa kuku uliopikwa unavunjika vipande vikali. Sasa mgeni atakwambia "kidogo tu jamani, na yeye asherehekee", na wewe uonekane mchoyo, bora uonekane.

Na akishakula sumu usimpe maziwa. Nimekua naambiwa maziwa yanakata sumu, hayakati, yanakupotezea muda wa kwenda hospitali. Chumvi ya kumtapisha ni mbaya zaidi, yenyewe ni sumu ikizidi, na ndiyo maana hata yale mapambo ya unga wa ngano na chumvi watoto wanayofinyanga shuleni siyo ya kuning'iniza chini.

Mwaka huu mti wetu nimeufunga kwa kamba kwenye nondo za dirisha, matawi ya chini kuna vitambaa na vibao tu, vya kioo viko juu kabisa, nyuzi za kung'aa hazikununuliwa. Poinsetia ipo getini. Paka kapanda mara mbili tangu asubuhi.