Chachu au Nyuzi: Umbo la Kandida na Ukali wa Ugonjwa

Mara nyingi huja maabara mtu ameshika karatasi ya majibu, ameshtuka kwa sababu imeandikwa kwamba fangasi imeonekana, na pengine njiani amekwisha kununua dawa. Kabla ya kumjibu, mtaalamu hutazama fangasi hiyo imeonekana katika umbo gani na mwenyewe ana dalili zipi, kwa kuwa Candida albicans, fangasi ya jamii ya kandida inayopatikana zaidi kwa wagonjwa, huishi pia mdomoni, tumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya bila kuwasumbua.

Inapotulia huwa ni chachu, yaani seli mojamoja za mviringo ambazo huzaana kwa kuchipuza, kama ifanyavyo hamira ya maandazi. Mazingira yakibadilika, seli ileile hutoa mrija unaorefuka ukawa uzi. Badiliko hili tunaliona mezani petu: tunachovya kandida kidogo katika seramu, yale maji ya manjano yanayobaki damu ikishaganda, kisha tunaiacha kwenye nyuzijoto 37. Baada ya saa mbili au tatu, tone moja chini ya hadubini huonyesha seli zilizoota mikia iliyonyooka, isiyobanwa pale inapoanzia. Hapo pasipobanwa ndipo macho yetu yanapokazia, kwa maana aina nyingine za kandida zinaweza kurefuka pia, lakini zao kwa kawaida huwa zimebanwa shingoni.

Chachu ikimezwa na chembechembe nyeupe za damu, mara nyingi huishia humo. Ikiwahi kugeuka uzi ikiwa ndani, hurefuka hadi kuipasua chembechembe iliyoimeza. Uzi pia hujipenyeza kati ya seli za utando laini wa mdomo au uke, na humo hutoa sumu iitwayo kandidalisini, iliyotambuliwa mwaka 2016, ambayo hutoboa utando unaozizunguka seli hizo na kuamsha uvimbe. Mwasho na maumivu ambayo mgonjwa anayalalamikia kwa sehemu kubwa hutokana na mwili kuitikia shambulio hilo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, ulitolewa mwaka 2003 na watafiti waliotengeneza kandida ambayo umbo lake waliweza kuliamua kwa dawa iliyotiwa katika maji ya kunywa ya panya. Panya waliobaki na chachu tupu waliishi, ingawa figo zao zilijaa fangasi. Wale ambao fangasi yao iliruhusiwa kuota nyuzi walikufa. Wingi wa fangasi peke yake, basi, haukutosha kuua. Hata hivyo chachu isidharauliwe, kwani ndiyo inayosafiri kwa urahisi ndani ya damu kutoka kiungo kimoja hadi kingine.

Mwili wenyewe una njia za kuizuia isigeuke. Ukeni, bakteria wanaotengeneza asidi huweka hali ya asidi ambayo hupunguza uotaji wa nyuzi; antibayotiki zikiwaua bakteria hao, kandida hupata nafasi. Ndiyo maana mwanamke aliyemeza dozi kwa ajili ya kikohozi anaweza kurudi wiki hiyohiyo na mwasho ukeni.

Kanuni hii, kwamba nyuzi ndizo zinazodhuru zaidi, haizihusu fangasi zote. Candida auris, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 2009, kwa kawaida hubaki chachu, lakini inaua wagonjwa waliolazwa na hustahimili dawa nyingi. Kriptokokasi, inayosababisha homa ya uti wa mgongo hasa kwa watu ambao kinga yao imeshushwa na VVU, nayo hushambulia ikiwa chachu iliyovaa ganda nene la utelezi, na baadhi ya seli zake hukua kupita kiasi hata chembechembe nyeupe zikashindwa kuzimeza.

Kwa hiyo majibu yakionyesha chachu chache bila nyuzi, na mwenyewe hana mwasho, maumivu wala uchafu usio wa kawaida, kwa kawaida hatupendekezi dawa. Penye nyuzi nyingi na dalili, tunatibu. Na mtu mzima mwenye utando mweupe mdomoni usio na sababu inayojulikana, pamoja na dawa, tunamshauri apime VVU na sukari.