Maji ya kisima ni baridi, sawa, lakini yamepimwa?

Juzi nimeletewa tena maji kwa chupa ya soda. Khalati mmoja wa Kisauni, mama wa heshima zake, kapanda matatu mpaka maabara yetu hapa mjini Mombasa, chupa kaizungushia kitambaa vizuri, ananambia mwanangu nipimie haya, si kwamba mie nayaogopa, kisima chetu ni baridi, hakina chumvi, tangu enzi za marehemu baba, ila mjukuu anaharisha haachi na mamake hanipi raha. Nikamwambia khalati, haya siwezi kukupimia. Aliniangalia vile mtu anavyomwangalia kijana asiyelelewa.

Basi ndo nikaona niandike, manake maelezo niliyompa pale kaunta nishayatoa mara mia na kila mara ni kwa mtu mmoja mmoja.

Tuanze na hiyo chupa. Kitu cha kwanza tunachotafuta kwenye maji ya kunywa ni bakteria anaitwa E. coli, makao yake ni matumbo ya watu na wanyama, kwa hivyo ukimkuta kwenye maji jua tu kinyesi kimefika hapo, kimepitia wapi hiyo ni hadithi nyengine. Kikomo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni asionekane kabisa ndani ya mililita 100, yaani hata nusu glasi haifiki. Si kumi, si mbili, sifuri. Sasa ukinibebea maji kwa chupa iliyokuwa na soda, imesuuzwa kwa mkono, njiani ikafunguliwa mtu akaonja, huyo E. coli nikimpata ni wa kisima ama ni wa chupa? Ndo maana tunatoa chupa zetu, zimeuliwa vijidudu kwa mvuke, na zile za maji ya mfereji zina dawa kidogo ndani ya kuvunja klorini, la sivyo klorini itaendelea kuua bakteria njia nzima na maji yatafika kwangu yakiwa masafi kuliko yalivyotoka kwako. Zinabebwa na barafu, zinafika siku hiyohiyo. Ukichota alfajiri, ukapitia Kongowea kununua nyanya, ukasimama kusalimia watu, ukanifikia saa kumi jioni, wallahi ni heri ungebaki na nauli yako.

Alafu kuna lile swali ambalo naulizwa hata harusini: maji ya Mombasa ni safi ama si safi? Hakuna kitu kinaitwa maji ya Mombasa. Kuna ya Mzima, yanatoka chemchemi za Tsavo Magharibi yakiwa yamechujwa na mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu, yanakuja kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 50, na ndo yanaacha ile chokaa nyeupe ndani ya birika. Kuna ya Baricho, visima vya kando ya mto Sabaki. Kuna ya Marere kule Shimba Hills na ya visima vya Tiwi. Yote hayo ukiyajumlisha bado hayatoshi mji, kwa hivyo kila mtaa una visima vyake, vya kuchimbwa kwa mkono na vya pampu, na mwenye mkokoteni anayekuuzia mtungi pengine hata yeye hajui leo kajaza wapi. Jirani yako wa ukuta kwa ukuta anaweza kuwa anakunywa maji tofauti kabisa na yako.

Na sisi watu wa pwani tuna mita moja tu ya kupima haya yote, ulimi. Maji ni baridi ama ni ya chumvi, basi, tumemaliza. (Mgeni wa bara akisikia maji baridi anafikiria friji.) Mita hiyo si mbovu, kwa chumvi iko makini sana. Maji ya bahari yana kloraidi, ile tunayoipimia chumvi, kama miligramu 19,000 kwa lita, na ulimi wa mtu unaanza kushtuka karibu na 250. Piga hesabu: chukua ile chupa ndogo ya soda ya mililita 300, ijaze maji ya bahari pale Likoni, imimine kwenye mtungi wa lita 20, ushafika 285. Chupa moja tu na mtungi mzima umeharibika ladha. Lakini sasa cheki kitu hiki, WHO hawajaweka kikomo chochote cha kiafya kwa kloraidi, hiyo 250 ni ya ladha tu. Mtu wa presha ana sababu ya kujali ile sodiamu inayokuja nayo, na mabomba yanaliwa na kutu, lakini kwa wengi wetu maji yenye chumvi kidogo ni kero ya kuharibu chai na kukataa povu la sabuni. Yaani kile tunachokiogopa zaidi ndicho chenye madhara machache.

Hapa ndo nataka tukae kidogo.

Chini ya kisiwa na sehemu kubwa ya ukanda huu ni jiwe la matumbawe, limejaa vitundu na mipasuko. Mvua ikinyesha inashuka mpaka inakutana na maji ya bahari yaliyoingia chini kwa chini, na kwa sababu ni mepesi inaelea juu yake, kama mafuta juu ya mchuzi. Kwa hesabu ya vitabuni, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 za maji baridi zinazoishikilia chini yake. Raha hiyo. Ubaya ni kwamba hesabu inafanya kazi pande zote mbili, ukivuta kwa pampu usiku na mchana ukashusha ile mita ya juu, chumvi inapanda kutoka chini, na ndo unasikia watu wanasema kisima kimeingiwa na bahari.

Sasa niulize, katika mtaa uliojengwa nyumba kwa nyumba, paa kwa paa, sakafu za simiti kila mahali, mvua inashukia wapi? Kidogo sana. Na bado kisima kiko baridi. Maji baridi mengine yanayoingia ardhini pale kila siku, kiangazi na masika, bila kukosa, yanatoka wapi? Mengi yake yanatoka mashimo ya vyoo. Laini za maji taka Mombasa zinafika sehemu ndogo tu ya mji, wengi wetu tuna choo cha shimo ama tangi la choo linalomwaga kwenye shimo la kunyonya, na lile shimo likinyonya vizuri tunafurahi tunasema fundi alijua kazi. Limenyonya likapeleka wapi? Kwa hivyo kisima kuwa baridi katikati ya mtaa uliojaa watu si ushahidi kwamba ni kisafi, saa zingine ni kinyume chake kabisa. Najua hii sentensi haipendezi, khalati pia haikumpendeza.

Utaratibu unaotajwa sana ni kisima kiwe angalau mita 30 kutoka shimo la choo. Chukua ploti ya futi 40 kwa 80, ambayo wengi wangeiita kubwa tu, hiyo ni kama mita 12 kwa 24. Hata ukiweka kisima pembe hii na choo pembe ile ya mwisho kabisa, hufiki 28. Na hapo bado hujahesabu choo cha jirani ambacho kiko nyuma ya ukuta wako na hukuulizwa. Halafu mita 30 ni kwa udongo wa kawaida unaochuja, jiwe lenye vitundu linapitisha maji kama mfereji.

Kinachotoka chooni kikafika kisimani ni vitu viwili hasa, na visima vya Kisauni na vya kisiwani vishapimwa na watafiti na vyote viwili vimepatikana. Cha kwanza ni hao bakteria nishawataja. Cha pili ni nitrati. Mkojo na kinyesi vina naitrojeni, bakteria wa udongoni wanaigeuza polepole mpaka inakuwa nitrati, na nitrati ikishaingia kwenye maji haina rangi, haina harufu, haina ladha, inakwenda popote maji yanapokwenda. Kikomo cha WHO ni miligramu 50 kwa lita. Kwa mtungi wa lita 20 hiyo ni gramu moja, ncha ya kijiko cha chai.

Hicho kikomo hakikuwekwa kwa ajili yangu na wewe. Kimewekwa kwa ajili ya mtoto mchanga anayenyonyeshwa chupa, chini ya miezi sita hasa. Tumboni nitrati inageuka nitriti, nitriti inaingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, mtoto anabadilika rangi midomoni na kwenye kucha, anapumua kwa shida. Na kama tumbo lake lishachafuka kwa bakteria anakuwa kwenye hatari zaidi, sasa fikiria kisima kile kile ndo kinamletea vyote viwili kwa chupa moja ya maziwa.

Na mama wa watu anafanya nini akiambiwa maji si salama? Anachemsha. Kwa bakteria ni sawa kabisa, chemsha mpaka yatokote vizuri na umewamaliza. Kwa nitrati kuchemsha kunaongeza tatizo, manake mvuke unaondoka ni maji matupu, nitrati inabaki sufuriani, ukichemsha sana na maji yakapungua nusu basi kila lita iliyobaki ina nitrati mara mbili. Dawa ya klorini haiitoi, kuchuja kwa kitambaa hakuitoi, jua haliitoi. Inatolewa na zile mashine za kusukuma maji kwenye utando, bei yake si ya mtu wa kawaida, ama unatafuta maji mengine.

Madini ya risasi vilevile hayaondoki kwa kuchemsha, na Mombasa hatuhitaji kufundishwa risasi ni nini, Owino Uhuru tunaijua sote, mtaa ulioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, korti iliamua mwaka 2020 fidia ya shilingi bilioni 1.3 na rufaa zikafuata. Kikomo cha risasi kwenye maji ni mikrogramu 10 kwa lita, yaani gramu moja inatosha kufikisha kikomo mitungi 5,000, na hata hiyo 10 wataalamu hawasemi ni salama, ni kile kinachowezekana kufikiwa. Usidanganyike na mtu mwenye kifaa cha mkononi anachovya anasema kinasoma 120, maji yako poa. Kile kifaa kinapima chumvi zote kwa pamoja, ni ulimi wa betri tu. Risasi, nitrati na E. coli kila kimoja kina kipimo chake na bei yake.

Maji ya mfereji nayo? Yakitoka kwenye chanzo mara nyingi hayana shida, shida ni safari na mgao. Bomba likiwa limejaa linavuja kutoka ndani kwenda nje. Mgao ukikata, bomba linabaki tupu na linanyonya, sasa zile nyufa zinaingiza kila kilichoko nje, na wewe unajua zile laini za plastiki zinapita wapi, ndani ya mitaro humo humo. Maji yakirudi, ndoo za kwanza ndo mbaya zaidi, hizo peleka chooni na kwenye sakafu. Na ile harufu ya klorini tunayoilalamikia, mie nikiikuta mferejini nafurahi, kinachotakiwa mpaka mlangoni kwako ni angalau miligramu 0.2 kwa lita iwe imebaki. Ikiwa sifuri hapo ndo naanza kuuliza maswali.

Ndo maana pia sipendi ripoti za wastani. Mtu anakwambia mwaka mzima wastani wa sampuli uko ndani ya kikomo, sawa, zilichotwa wapi, siku ya ngapi ya mgao, kabla ya mvua ama baada? Tumbo halinywi wastani. Katiba kifungu cha 43 inasema una haki ya maji safi na salama ya kutosha, na cha 35 kinakupa haki ya kuomba habari zilizoko serikalini, kwa hivyo ukiomba matokeo omba kwa sehemu na kwa tarehe, usikubali namba moja.

Khalati alirudi baada ya siku tatu na chupa zetu, safari hii na barafu kwenye chombo cha kubebea samaki. Chumvi ilikuwa chini, alikuwa sawa kabisa, kisima chake ni baridi. E. coli yuko, nitrati imepita kikomo. Nikamweleza taratibu: mtoto kwanza apelekwe hospitali leo, mimi napima maji si watoto, na maziwa yake yasikorogwe tena kwa maji ya kisima, hata yakichemshwa. Akaniuliza, tukizibe? Nikamwambia hapana khalati, fueni, ogeni, pigeni deki.

Akanyamaza, akakunja karatasi ya matokeo mara nne akaitia kwenye mkoba. Kisha akaniuliza, "Na chai?"

Chai yake chemsha unywe, nikamwambia, ila birika la watu wazima na chupa ya mtoto visikutane.